Steshenari Inanidai Kibali Ambacho Hakuna Anayekitoa

DAWATI LA MSAHIHISHAJI: maswali ya wasomaji

Nimesahihisha prufu kwenye viwanda vya uchapaji vya Gerezani na Kariakoo kwa miaka mingi. Hapa najibu maswali ya watu wanaoandika na kujichapia wenyewe. Mwezi huu nimechukua barua mbili tu. Ya kwanza imekula karibu nafasi yote, nami nimeiachia.

*Shikamoo Bi Msahihishaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Temeke. Mchana nauza madera sokoni, usiku naandika. Tangu 2021 nimetoa vijitabu vinne, kila kimoja kurasa 64, saizi ya nusu ya A4, kava la rangi. Cha kwanza kilikuwa hadithi ya mapenzi, viwili vya mafunzo ya ndoa, na hiki cha nne ni cha vikoba: namna ya kuandika daftari la hisa, namna ya kugawana funguo za sanduku ili mweka hazina asiamke nalo usiku, na sura moja kuhusu vizimba vya soko letu, nani alipata na nani aliambiwa arudi kesho. Sikumtaja mtu jina.*

*Natoa nakala 300 kwa mkupuo. Steshenari inanitoza 1,800 kwa nakala, mimi nauza 3,000. Nauza mwenyewe sokoni na kwenye vikao vya vikoba, na wengine wananiagiza kwa WhatsApp, wanalipa kwa M-Pesa, nawatumia kwa bodaboda.*

*Mwezi uliopita kwenye mkutano wa hadhara mheshimiwa mmoja alisema siku hizi kila mwenye laki tano anajiita mwandishi, vitabu vinachapwa kiholela, havina hata ISBN, vinapotosha jamii na kuharibu maadili. Akasema utawekwa utaratibu, wote wadhibitiwe, na kila steshenari iandikishe wateja wanaochapa vitabu. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, maana nilidhani anawasema wengine.*

*Jumatatu nikaenda na flashi yangu kutoa nakala nyingine 300. Yule kijana wa mashine, tunajuana miaka minne, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, bosi kasema vitabu tusichape mpaka uje na kibali." Nikamuuliza kibali cha nani. Hajui. Nikaenda serikali ya mtaa, wakasema wao hawatoi kibali cha kitabu, niende kata. Kata wakasema niende Maktaba. Je, ni kweli kuna kibali? Na kama hakipo nifanye nini? Vikoba vinavunjwa Desemba na wateja wangu wanakitaka kitabu kabla ya hapo.*

*Halafu jingine dogo: nakala za mwisho zilibandikwa gundi na zinaachia kurasa. Nifanyeje?*

*Mama wa vijitabu, Temeke*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzunguko.

Kibali cha kuchapa kitabu cha hadithi au cha vikoba, kinachotolewa na serikali ya mtaa au na kata, hakipo. Wale waliokwambia hawakitoi walikwambia kweli. Katika miaka yangu yote mezani sikuwahi kupokea muswada wa mtu binafsi ulioambatana na karatasi ya namna hiyo. Kwa hiyo usirudi tena huko kutafuta muhuri wa huruma. Ukiupata, kesho mwenzako ataambiwa na yeye alete kama wa kwako, na hapo ndipo desturi inapozaliwa.

Lakini naona mheshimiwa wako alichanganya mambo manne katika sentensi moja, na mchanganyiko huo ndio umemtisha mwenye steshenari. Wacha niyatenganishe.

ISBN ni namba ya utambulisho ya kitabu. Ina tarakimu 13 tangu 2007, zamani zilikuwa 10. Vitabu vingi vya Tanzania utaviona vimeanza na 978, kisha 9976 au 9987. Kwetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa hiyo huko kata hawakukupoteza sana: Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Namba hiyo inamsaidia muuza vitabu na mkutubi wasikichanganye kitabu chako na cha mwingine. Haisemi kwamba kitabu ni kizuri, wala kwamba serikali imekiruhusu. Anayeomba namba haulizwi kama anakubaliana na mtu fulani. Kitabu kisicho nayo kimekosa namba, basi. Hakijavunja maadili ya mtu.

La pili ni ithibati. Hiyo ipo, na ni ya vitabu vinavyoingia darasani. Ukitaka kijitabu chako kifundishiwe shuleni utapita kwenye utaratibu wa elimu. Wewe humuuzii mwanafunzi, unamuuzia mama mwenye sanduku la kikoba.

La tatu ni leseni ya magazeti na majarida, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Hapa nakuomba uwe makini kidogo. Kijitabu kilichotoka mara moja ni kitabu. Ukianza kukitoa kila mwezi kwa jina lilelile, toleo la kwanza, la pili, la tatu, kikiwa na habari za soko, umeshaanza kutengeneza jarida, na hapo mtu atakuuliza leseni kwa haki. Kwa hiyo kila kijitabu kiwe na jina lake na kisimame peke yake.

La nne ni maudhui ya mtandaoni, ambayo yana kanuni zake na msimamizi wake ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu lina hesabu ambayo nataka uione.

Sasa nikwambie kwa nini barua yako imenikosesha usingizi.

Mwaka 1994 nilikuwa kwenye kiwanda kimoja kidogo cha Gerezani. Akaja mzee wa Magomeni, fundi cherehani, na daftari la kaunta lenye utenzi wa beti 212. Ulihusu mvua, mitaro isiyozibuliwa, na watu wa mtaa wake waliokuwa wakilala juu ya meza maji yakiingia ndani. Kila mshororo wa nne, ule wenye kina cha bahari, alikuwa ameupigia mstari kwa rula na kalamu nyekundu. Niliusoma wote siku ileile. Mizani nane nane, vina havikuyumba hata ubeti mmoja. Alitaka nakala 100, na fedha alikuja nazo zimefungwa kwenye kitambaa cha suti.

Siku chache kabla, bosi wangu alikuwa amekaa kwenye kikao, akamsikia mkubwa mmoja akisema wachapaji wanaochapa "makaratasi ya mitaani" watachukuliwa hatua. Hatua gani, hakusema. Bosi akamwambia mzee alete kibali. Mzee hakubisha, alikuwa mtu wa adabu. Akaenda, akarudi baada ya wiki mbili na barua ya balozi wa nyumba kumi. Akaambiwa siyo. Akarudi na barua nyingine yenye muhuri wa kata. Akaambiwa siyo. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, akauliza tu kibali chenyewe kinafananaje. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana hakuna aliyewahi kukiona. Mara ya nne hakuja. Daftari lilikaa kwenye droo yangu mpaka mjukuu wake alipokuja kulichukua, mzee akiwa ameshazikwa.

Mimi nilikuwa nimesimama pale mara zote tatu. Nilikuwa na umri na kazi ya kutosha kuuliza, "Bosi, kibali gani?" Sikuuliza. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Tazama kilichotokea. Hakuna sheria iliyomzuia mzee yule, na hakuna hakimu aliyesoma hata ubeti mmoja. Kilichomzuia ni sentensi iliyosemwa kikaoni, ikapita kwenye sikio la mtu mwenye mashine. Mashine ya mchapaji ndiyo shamba lake, ikifungiwa siku tatu watoto hawali. Kwa hiyo yeye hangoji sheria itungwe. Anajifungia mwenyewe, na anakufungia na wewe. Mheshimiwa wako huenda tayari amesahau alichosema. Lakini steshenari haijasahau, na wewe unazunguka juani.

Kwa hiyo nataka uyazoee maneno yenyewe ili safari nyingine usiyapigie makofi kabla ya kuyafungua. Yalikuwa matatu: kiholela, maadili, utaratibu.

Kiholela ni neno la mtu anayetazama kutoka juu. Wewe uliandika usiku, ukalipa 540,000 zako, ukapanga kurasa, ukachagua kava, ukauza kwa mkono wako na kumjua kila mnunuzi kwa jina la mtoto wake. Uholela uko wapi? Kazi yako inaitwa hivyo kwa sababu hukuomba ruhusa, na ruhusa hukutakiwa kuiomba. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema kila mtu anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Haisemi kila mchapishaji mkubwa.

Maadili ni neno zito na mimi nalijali. Lakini mtu anayelijali kweli hutaja kitabu. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni kwa sababu za maadili. Unaweza kukubaliana na orodha ile au kuikataa, lakini majina ya vitabu yalitajwa, na mahali pakatajwa: shuleni. Mzazi aliweza kukitafuta kitabu, akakisoma, akabishana. Ukisikia "vitabu vinaharibu maadili" bila jina la kitabu wala namba ya ukurasa, hapo hakuna cha kubishana nacho, na kila mwandishi anabaki mtuhumiwa.

Utaratibu ndilo neno linalonitisha zaidi, kwa kuwa linapendeza. Nani atakataa utaratibu? Hapo uliza bei yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka 2018, ada ya maombi ilikuwa 100,000, ya leseni 1,000,000, na ya kila mwaka 1,000,000. Jumla 2,100,000 kabla mtu hajaandika mstari mmoja. Anayetoa maudhui bila leseni alikabiliwa na faini isiyopungua 5,000,000 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kanuni hizo zilibadilishwa 2020 na kurekebishwa tena 2022, kwa hiyo usizichukue kama bei ya leo. Nazitaja kwa ajili ya hesabu. Wewe faida yako ni 1,200 kwa nakala. Kwa utaratibu wa ukubwa ule ungehitaji kuuza vijitabu 1,750 kulipia ruhusa tu. Ni karibu mikupuo sita ya nakala 300. Kampuni yenye jengo Posta inailipa ada kama hiyo kwa tangazo moja. Karatasi ni ileile kwa wote wawili, ila wewe ndiye utakayeacha kuandika.

Na hili si geni duniani. Uingereza, mwaka 1819, bunge lilipanua ushuru wa stempu uguse vijitabu vinavyotoka mara kwa mara vyenye habari na maoni ya mambo ya umma, ikiwa vinauzwa chini ya peni 6. Isome tena: chini ya peni 6. Kijitabu cha bei ya juu hakikuguswa. Stempu yenyewe ilikuwa peni 4, kwa hiyo karatasi iliyokuwa ikinunuliwa na fundi viatu kwa peni 2 haikuweza tena kuuzwa kwa bei hiyo kihalali. Hawakusema maskini asisome. Walisema alipe. Watu wenyewe waliuita ushuru huo kodi ya maarifa, na stempu ya lazima haikuondoka mpaka 1855.

Kuhusu steshenari kuandikisha wateja wanaochapa vitabu, Romania walifanya jambo la aina hiyo mwaka 1983. Kila mwenye mashine ya taipu alitakiwa kuiandikisha polisi na kupeleka sampuli ya herufi zake, ili karatasi ikiokotwa popote ijulikane imetoka kwenye mashine gani. Fikiria kijana wako wa steshenari, anayekuita mama, akipewa daftari la kazi hiyo.

Hapa nyumbani, wakubwa wa leo wanapowasema wenye vijitabu, naona wanasahau walikotoka. Erica Fiah, mwenye duka kutoka Uganda aliyeishi hapa Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937 bila kampuni kubwa nyuma yake. TANU nayo ilikuwa na Sauti ya TANU, kijarida cha kudurufu, cha wino unaochafua vidole. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa hapahapa mjini kwa kashfa, kwa makala aliyoandika humo kuhusu mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Alitiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa faini. Kwa macho ya serikali ya wakati ule, nadhani hakuna kitu kilichokuwa cha kiholela kuliko makaratasi yale.

Lakini ona jambo moja katika kesi ile. Hata mkoloni, siku ile, ilibidi asimame mbele ya hakimu na kuonyesha ni makala ipi na ni maneno yapi. Nyerere alikuwa na mawakili, alijibu, na watu walijazana kusikiliza. Wewe umenyimwa kuchapa na hakuna aliyekuonyesha aya. Kuadhibiwa baada ya kusema kuna mahakama ndani yake. Kuzuiwa kabla ya kusema, tena na mtu wa kaunta, hakuna mahali pa kukata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilipitia Sheria ya Huduma za Habari na kuona vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Iliwezekana kwa sababu vilikuwa vifungu, vimeandikwa, vina namba. Maneno ya jukwaani hayana namba.

Basi, la kufanya.

Rudi kwa mwenye steshenari mwenyewe, si kijana wake. Nenda saa ambayo hana foleni, umsalimie, ukae. Mpe karatasi moja uliyoisaini: jina lako, namba yako ya simu, jina la kitabu, na sentensi inayosema wewe ndiye mwandishi na mchapishaji, na yaliyomo ni jukumu lako. Mwenye mashine anaogopa kubeba mzigo peke yake, kwa hiyo mwonyeshe mbebaji. Nimewaona wachapaji wanne au watano wakilainika kwa karatasi ya aina hiyo. Kama atakataa bado, usigombane naye. Chukua flashi yako uende kwingine. Gerezani na Kariakoo kuna mashine zinazotafuta kazi.

Ombi la ISBN peleka wiki hii. Si kwa sababu unalazimishwa na mheshimiwa, bali kijitabu cha vikoba kinastahili kuonekana kwenye orodha ya vitabu vya nchi hii, na kikishachapwa upeleke nakala Maktaba zikahifadhiwe. Nyuma ya ukurasa wa jina weka jina lako, mwaka, mchapaji na namba hiyo. Haki yako ya hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Kujiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia siku mtu akikunakili, lakini si sharti la kuandika.

Kisha isome upya sura ya vizimba, na uisome kama adui yako. Hukutaja jina, ni sawa, lakini kashfa haihitaji jina kama kila mtu sokoni anajua ni nani. Palipoandikwa "walikula hela" na huna ushahidi, andika ulichokiona: tarehe gani ulienda, uliambiwa nini, stakabadhi yako inasomekaje. Weka stakabadhi hizo kwenye bahasha nyumbani kwa ndugu. Ukifanya hivyo sura itakuwa kali zaidi, maana msomaji ataona mwenyewe.

La mwisho, na hili nakuomba sana hata kama unaogopa: mwandikie mheshimiwa barua. Ukurasa mmoja, lugha ya heshima. Mwambie ulikuwepo mkutanoni, wewe ni mwandishi wa vijitabu, umenyimwa huduma kwa sababu ya kauli yake, na unaomba akufahamishe ni sheria ipi na kifungu kipi kinachotaka kibali hicho, na ofisi gani inakitoa. Usimtukane, usimhubirie. Peleka nakala mbili ofisini kwake, moja waipokee, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Akijibu kwamba hakuna kifungu, jibu hilo ndilo karatasi utakayompelekea mwenye steshenari. Asipojibu, nakala yenye muhuri inatosha kumwonyesha kwamba umeuliza mchana kweupe na hakuna aliyekukamata. Nitumie na mimi nakala, nitaichapa hapa ukiridhia.

*Bi Msahihishaji, nakuheshimu, lakini naona unawatetea hawa watu wa vijitabu kupita kiasi. Jirani yangu alinunua kijitabu stendi, shilingi elfu mbili, kinasema majani fulani yakichemshwa siku 21 kisukari kinakwisha. Akaacha sindano. Sasa kakatwa mguu. Huyo naye aachwe kwa sababu ya uhuru? Mwalimu, Mbagala*

Mwalimu, hapana, asiachwe. Mwambie jirani yako pole yangu, na kwa moyo wangu wote.

Hukusema "vijitabu vinaharibu watu". Umetaja kijitabu, bei, mahali, maneno yaliyomo, na mtu aliyeumia. Hivyo ndivyo malalamiko yanavyotakiwa kuwa, na sheria zake zipo tayari. Anayetangaza dawa au tiba anahusika na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na waganga wa tiba asili wana baraza lao chini ya sheria ya 2002. Kichukue kijitabu chenyewe, kama jirani bado anacho, ukipeleke pamoja na maelezo ya hospitali. Kama kina namba ya simu kwenye kava, na hivyo vya tiba huwa nazo kwa kuwa wanauza majani, muuzaji anapatikana kwa siku moja.

Ninachokataa ni dawa ya pili: kwamba kwa sababu ya yule wa majani, mama wa vikoba alipie ruhusa. Yule wa majani anayo faida ya kulipia ruhusa hiyo. Ataweka namba ya kibali kwenye kava, kwa wino mwekundu, na jirani yako mwingine ataamini zaidi kwa sababu yake. Nimelifikiria sana hili tangu nilipoisoma barua yako, na kila nikiligeuza naona muhuri ukimlinda mwenye hela. Mgonjwa wa stendi haponi kwa muhuri.

Na kuna kitu unaweza kufanya wewe mwalimu kuliko mtu yeyote. Kijitabu cha elfu mbili kilifika mkononi mwa jirani yako kwa sababu hakukuwa na kingine cha elfu mbili, cha Kiswahili chepesi, kinachoeleza sindano ile inafanya nini mwilini. Mtafute muuguzi wa zahanati yenu, kaeni naye Jumamosi tatu, mkiandike. Prufu nitaisoma mimi, bila malipo.

Mama wa vijitabu, sijasahau kurasa zako zinazoachia. Gundi ya steshenari hukauka ikawa kama ganda na kupasuka kitabu kikikunjuliwa sana, na kitabu cha vikoba hukunjuliwa mezani kila wiki. Kwa unene wa kitabu chako usitumie gundi kabisa. Kurasa 64 ni karatasi 16 za A4 zilizokunjwa katikati, pini mbili za mgongoni zinazishika vizuri. Mwambie akunje kwanza, agonge pini, ndipo akate ukingo, la sivyo karatasi za katikati zitachomoza.

Ila sasa unaongeza ukurasa mmoja wa taarifa za kitabu na ISBN, na 65 haigawanyiki kwa nne. Panda hadi 68, ni karatasi moja tu zaidi. Hizo kurasa tatu zinazobaki usiziache wazi: chora jedwali la hisa, safu za majina, tarehe, kiasi na sahihi, mwanakikoba ajaze kwa kalamu yake.